Ubao wa kwanza wa kupanda mawimbi: yasemwayo na yalivyo

"Anayeanza achukue ubao mfupi, ndio mwepesi"

Hapa pwani dhana hii ina chanzo chake. Ukienda Paje au Diani utawaona watu wakiteleza kwa tiara juu ya vibao vya mita moja na nusu au pungufu, ukadhani mawimbi nayo hupandwa hivyo. Lakini pale kinachomweka mtu juu ya maji ni upepo unaovuta tiara. Kwenye mawimbi una mikono miwili tu ya kupiga maji, nayo lazima ikupe mwendo unaokaribia wa wimbi kabla halijakupita. Ubao mrefu, mpana na mnene huelea juujuu, maji hayaushiki, na wimbi huubeba mapema. Mfupi huzama chini ya kifua chako, wimbi likapita na kukuacha hapo hapo.

Wengine waliziona mbao fupi kwenye Olimpiki ya 2024, mashindano ya kupanda mawimbi yalipofanyika Teahupo'o, Tahiti. Wimbi la kule husimama kama ukuta na kuanguka kwa kishindo juu ya mwamba. Mawimbi yetu ya kusi mara nyingi huvunjwa kwanza na mwamba wa nje, yakafika ufukweni yamekwisha nguvu, na wimbi lililochoka linataka ubao mkubwa. Kwa mtu mzima, futi 8 (kama mita 2.4), upana wa inchi 22 au 23 na unene wa inchi 3 ni mwanzo mzuri. Wala urefu si alama ya uanafunzi: Duke Kahanamoku wa Hawaii, aliyetwaa dhahabu ya kuogelea Olimpiki ya 1912 na ya 1920, alipanda hata ubao wa futi 16.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinigharimu. Nilinunua wa futi 6, na msimu mzima wa kusi sikusimama hata mara moja. Siku niliyoazimwa wa futi 9, nilisimama asubuhi ile ile.

"Pima kwa kimo chako"

Kimo hakitoshi. Tazama ujazo, ambao kwenye mbao nyingi huandikwa kwa lita pamoja na vipimo vingine. Lita moja ikizama yote huinua takriban kilo moja. Mwenye kilo 70 akilalia ubao wa lita 35, ubao wote utakuwa chini ya maji. Kwa anayeanza, lita zisipungue kilo zake. Zikizidi, heri zaidi.

"Ubao wa sponji ni wa watoto"

Shule za mawimbi huwapa hata watu wazima. Ubao mgumu una omo iliyochongoka na mapezi yanayokata ngozi, na katika wiki za mwanzo lazima utakupiga. Wa sponji utakuumiza kidogo tu.

"Wa mtumba ni hasara"

Si lazima. Rangi ya manjano mara nyingi ni kazi ya jua tu. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu yote ya juu: mahali panapobonyea na kurudi, faiba ya nje imeachana na kiini cha ndani, uache. Unyanyue pia; ukiwa mzito kuliko unavyoonekana, umekunywa maji. Ufa mdogo unazibika kwa resini na msasa, ila ukaushe kwanza hadi ndani.

"Kamba ya mguuni ni ya kukusaidia usiufuate ubao mbali"

Kazi yake kubwa ni kuwalinda wengine. Jumapili pale Coco Beach watoto wamejaa majini, na ubao wa futi 8 uliochukuliwa na povu bila mtu huenda moja kwa moja hadi walipo. Kamba iwe na urefu sawa na ubao au kuzidi kidogo, ifungwe mguu wa nyuma. Kabla hujalipa, ivute kwa nguvu na ukague fundo lake kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya ubao. Ikiwa na mpasuko wowote, nunua mpya siku hiyo hiyo.