Kukosea fomu ya SNAP si udanganyifu

Miongoni mwa Waswahili tulioko Marekani, hasa waliotoka Kongo, kuna imani kwamba ukinyimwa SNAP, ule msaada wa chakula, kwa sababu fomu ulijaza vibaya, basi nyamaza. Eti kukata rufaa ni kujichongea. Si kweli.

Tuseme mtu analipwa dola 1,600 kwa mwezi, akaziandika kwenye kisanduku cha mshahara wa wiki. Majimbo mengi huzidisha kwa 4.3, ghafla anaonekana ana dola 6,880, na barua ya kukataliwa inatoka. Hilo ni kosa la kalamu. Kumwita mtu mdanganyifu ni shauri jingine kabisa, na serikali ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikusudia.

Piga simu ofisini, upeleke karatasi za malipo. Mara nyingine mambo huishia hapo. Lakini usikubali "tutakupigia" ikule muda wako: una siku 90 za kuomba rufaa yako isikilizwe, na ombi linaweza kutolewa hata kwa mdomo (mimi ningeandika, nibaki na nakala). Una haki ya kuona faili lako na kupewa mkalimani bila malipo. Mtoto wako asigeuzwe mkalimani.

Kama tayari ulikuwa unapokea na unakatwa, ukiomba kusikilizwa ndani ya muda wa notisi (barua ya kukujulisha kwamba unakatwa), kwa kawaida siku 10, utaendelea kupokea kiasi kilekile hadi uamuzi utoke, mradi kipindi ulichoidhinishiwa hakijaisha. Ukishindwa, utadaiwa kilichozidi.