Modeli ya Imani za Afya: maana yake na namna ya kuitumia

Katika miaka ya 1950 idara ya afya ya umma ya Marekani ilipeleka magari yenye mashine za eksirei mitaani ili kuwapima watu kifua kikuu. Kipimo kilikuwa bure na gari lilisimama karibu na makazi, lakini waliojitokeza walikuwa wachache mno. Wanasaikolojia wa idara hiyo, Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock wakiwa miongoni mwao, walianza kuuliza: mtu asiyeumwa popote akiamua kwenda kupimwa, huwa anaamini nini?

Hochbaum alihoji watu wazima zaidi ya 1,200 katika miji mitatu. Kati ya walioamini mambo mawili, kwamba kifua kikuu kinaweza kuwapata wao wenyewe na kwamba kukigundua mapema kunasaidia, 82% walikuwa wamepiga eksirei kwa hiari. Kati ya wasioamini hata moja, ni 21% tu. Kutokana na kazi hiyo ndipo ikazaliwa Modeli ya Imani za Afya.

Kwa maneno mepesi, modeli hii inasema kwamba mtu hujikinga kulingana na hatari anayoiona yeye, hata kama hatari iliyopo ni nyingine kabisa. Kabla ya kuchukua hatua hupima mambo manne: je, ugonjwa huu unaweza kunipata? Ukinipata, utaniumiza kiasi gani (uzito wa ugonjwa)? Ninachoambiwa nifanye kitanisaidia (faida)? Na kitanigharimu nini (vikwazo)? Juu ya hayo huhitajika kichocheo, yaani jambo linalomsukuma leo badala ya siku isiyojulikana. Mwaka 1988 iliongezwa sehemu ya sita, kujiamini kwamba naweza kulifanya jambo lenyewe, dhana ambayo mwanasaikolojia Albert Bandura alikuwa ameieleza mwaka 1977.

Tuchukue uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa unafanana na ile eksirei: unamlenga mtu anayejiona mzima. Njia inayotumika sana kwenye vituo vyetu ni ya siki. Mhudumu hupaka asidi asetiki ya 3 hadi 5% kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha huangalia kama kuna sehemu zilizogeuka nyeupe. Majibu hutolewa hapo hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze na 25.

Mwanamke anaposema, “Sina maumivu, nikapime nini?” anatuonyesha kwamba hajioni yuko hatarini. Kumwambia kwamba saratani ni mbaya hakumjibu. Kinachomjibu ni kuelezwa kwamba kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo kikuu cha saratani hii, huwapata wengi wa waliowahi kujamiiana, hata mwenye mume mmoja, na kwamba kwa mwenye kinga imara ya mwili saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga bila dalili. Kwa mwenye kinga dhaifu isiyotibiwa inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10.

Kosa linalorudiwa kuliko yote liko kwenye uzito wa ugonjwa. Mabango huonyesha wagonjwa mahututi, ilhali karibu kila mtu anajua tayari kwamba saratani inaua. Hofu ikizidi bila njia ya kutokea iliyo wazi, mtu hutafuta namna ya kuituliza hofu yenyewe: hukwepa mazungumzo, huahirisha, au husema ni mipango ya Mungu. Kim Witte, mtafiti wa mawasiliano ya afya, alilieleza hilo mwaka 1992, na yeyote aliyewahi kukaa na kina mama kwenye benchi la kliniki amelisikia. Kwa wengi, neno saratani na neno kifo ni kitu kimoja, kwa hiyo kupima huonekana ni kwenda kusomewa hukumu. Hapo pengo liko kwenye faida: hawajaambiwa kwamba kinachotafutwa ni mabadiliko ya awali, ambayo bado hayajawa saratani na mara nyingi hutibiwa kituoni bila kulazwa.

Vikwazo ndivyo vinavyostahili muda mwingi zaidi. Watafiti Nancy Janz na Marshall Becker walipopitia tafiti 46 mwaka 1984, vikwazo ndivyo vilivyojitokeza kuwa na nguvu kuliko sehemu nyingine za modeli. Aibu ya kuhudumiwa na mwanamume, nauli, foleni ya nusu siku, ruhusa ya mume, na uvumi kwamba kifaa cha uchunguzi huharibu kizazi, kila kimoja kina dawa yake. Uvumi hujibiwa kwa kumwonyesha mama kifaa chenyewe akishike. Foleni haiondolewi kwa maelezo. Inahitaji saa maalumu au mhudumu wa ziada.

Kichocheo nacho kiwe na siku, mahali na saa. “Njoo upime” ni dhaifu kuliko “Alhamisi saa tatu asubuhi, chumba cha uzazi wa mpango, muulizie nesi wa zamu.” Kujiamini kuna uzito mdogo kwenye kipimo anachofanyiwa mtu mara moja, lakini mkubwa pale mwanamke anapojichukulia sampuli ya HPV kwa kijiti cha pamba, au mtu anapotakiwa kumeza dawa za shinikizo la damu kila siku.

Kabla ya kuchapisha bango lolote, hoji waliopima na wasiopima, kwa maswali yaleyale. Usiulize, “Je, unaamini saratani ni hatari?” kwa sababu wote watasema ndiyo. Uliza, “Ukiamua kwenda kesho, nini kitakuzuia?” Sehemu ambayo majibu ya makundi hayo mawili yanatofautiana ndiyo ya kushughulikia kwanza. Tahadhari moja: waliopima wamekwisha kufundishwa na kipimo chenyewe, kwa hiyo waulize walichokuwa wakiamini kabla ya kwenda, au, bora zaidi, wahoji watu wote kabla huduma haijaanza.

Modeli hii ina mpaka wake. Inaeleza uamuzi wa mtu mmoja, haielezi kituo kilicho kilomita 30 na nyumbani wala siki iliyoisha. Mkataba wa Ottawa, tamko la kimataifa la kukuza afya la mwaka 1986, uliweka sera, mazingira na mpangilio wa huduma kuwa sehemu ya kukuza afya, sambamba na stadi za mtu binafsi. Wanawake wakijibu kwamba walifika wakaambiwa mhudumu hayupo, imani zao hazina kasoro. Peleka matokeo hayo kwa anayepanga zamu.