Je, wajua? Kwa nini dawa inayopandisha presha zaidi si lazima iokoe wengi zaidi

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio moja la dawa ambayo, kwa kuangalia mashine ya presha tu, ilikuwa imefaulu. Wagonjwa 797 wenye mshtuko wa sepsisi, yaani presha kuporomoka kwa sababu ya maambukizi makali, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata dawa inayozuia mwili kutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Presha ilipanda kama ilivyotarajiwa. Lakini ndani ya siku 28 asilimia 59 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa wamefariki, na kwa wale wasiopewa ilikuwa asilimia 49. Jaribio likasitishwa kabla ya kufika mwisho.

Ndugu wengi wanaosubiri nje ya chumba cha wagonjwa mahututi huuliza swali moja: presha imepanda? Ni swali la haki, na jibu lake lina maana. Kosa ni kudhani kwamba presha ikishapanda ugonjwa umerudi nyuma, na kwamba dawa bora ni ile inayoipandisha haraka na juu zaidi. Dawa hizi haziui hata kijidudu kimoja. Kazi hiyo ni ya antibiotiki, na pengine ya daktari wa upasuaji anayetoa usaha. Dawa za kupandisha presha zinampa mgonjwa muda tu, na muda huo una gharama yake.

Fikiria nyumba ya wapangaji wengi inayopata maji kwa pampu moja, na kwenye bomba kuu pana kipimo cha msukumo. Siku moja bomba za vyumba vyote zinafunguka zenyewe. Maji yanamwagika ovyo, kipimo kinashuka, na vyumba vya ghorofa ya juu vinakauka. Sepsisi hufanya hivyo: mishipa midogo inalegea mwili mzima kwa wakati mmoja. Isitoshe, inavuja, kwa hiyo maji ya dripu yanayoongezwa hayakai yote ndani ya mishipa. Mengine huishia kwenye mapafu na miguu. Sasa fundi anakuja na kuanza kukaza bomba. Akikaza kidogo, msukumo unarudi na vyumba vya juu vinapata maji. Akiendelea kukaza, kipimo kinazidi kupanda. Akizifunga kabisa, kipimo kitaonyesha msukumo mkubwa kuliko wakati wowote, na hakuna mpangaji atakayejaza ndoo. Pampu nayo itakuwa inasukumana na bomba zilizofungwa mpaka ichoke. Figo, utumbo na ubongo vinaishi kwa damu inayovifikia. Mashine kando ya kitanda inasoma bomba kuu.

Basi dawa zinatofautiana kwa kile zinachokigusa. Noradrenalini hasa hukaza mishipa, na moyo huuchochea kidogo. Dopamini huuchochea moyo zaidi, na kwa miaka mingi iliaminika pia kwamba ikitolewa kwa kipimo kidogo inalinda figo. Jaribio la Australia na New Zealand lililochapishwa mwaka 2000 halikuona ulinzi huo. Mwaka 2010 dawa hizo mbili zilishindanishwa kwa wagonjwa 1,679 wenye mshtuko wa aina mbalimbali, wengi wao wa sepsisi. Vifo vilikuwa asilimia 52.5 kwa dopamini na 48.5 kwa noradrenalini, tofauti ambayo huenda ilitokana na bahati. Jambo lililokuwa wazi ni mapigo ya moyo kuvurugika: asilimia 24 kwa dopamini, 12 kwa noradrenalini. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inaitanguliza noradrenalini, kisha vasopresini, dawa nyingine ya kukaza mishipa, huongezwa dozi ya noradrenalini inapozidi kupanda bila presha kutosha. Vasopresini yenyewe ilipolinganishwa na noradrenalini mwaka 2008, haikupunguza vifo kwa kiwango cha kuaminika.

Presha ifikishwe wapi? Madaktari hutumia presha ya wastani, yaani wastani wa presha katika pigo zima la moyo, na lengo la kawaida ni 65, karibu na ile ya mtu mwenye 95 kwa 50. Inaonekana ndogo mno, na mtu atatamani kuongeza. Wafaransa walijaribu: wagonjwa 776, nusu wakilengwa 65 hadi 70, nusu 80 hadi 85. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha vifo karibu sawa, asilimia 34.0 na 36.6, huku moyo ukivurugika mara nyingi zaidi kwenye kundi la presha ya juu. Hata hivyo, waliokuwa na ugonjwa wa presha ya kupanda tangu zamani walihitaji kusafishwa damu kwa mashine badala ya figo mara chache zaidi walipolengwa juu, kwa hiyo 65 haimtoshi kila mtu.

Kwa hospitali zetu ushahidi ni mwembamba zaidi. Utafiti wa Lusaka uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU, maji mengi mapema, damu, na dawa za kupandisha presha pale zilipohitajika. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 48, dhidi ya 33 kwa waliopata huduma ya kawaida. Dawa za presha huwezi kuzilaumu peke yake, maana ni wachache waliozipata. Maji ndiyo yaliyotofautiana zaidi.

Kuna njia ya kuangalia ndoo za wapangaji badala ya kipimo cha bomba kuu, na haina bei. Daktari anabonyeza ncha ya kidole mpaka ipauke, anaachia, kisha anahesabu sekunde rangi inapochukua kurudi. Zikizidi tatu, damu haifiki vizuri. Hospitali 28 za Amerika Kusini zilitumia kipimo hicho kuongoza matibabu ya wagonjwa 424, wakakilinganisha na kupima kwenye damu laktati, kemikali inayoongezeka mwili unapozidiwa na mshtuko. Mwaka 2019 walitoa matokeo: vifo asilimia 34.9 kwa kidole, 43.4 kwa laktati. Kitakwimu tofauti hiyo ilikosa uhakika kwa kiasi kidogo tu, lakini mgonjwa aliyeongozwa kwa kidole alipewa maji machache zaidi katika saa nane za kwanza.