Je, wajua? Ufa wa kioo cha gari hutembea hata gari likiwa limeegeshwa

Jiwe lilipiga kioo cha mbele cha gari langu Ijumaa jioni, kati ya Misungwi na Usagara, nikiwa nyuma ya tipa lililojaa kokoto. Mlio wake ulikuwa mdogo tu: tak! Nilipofika Usagara nikashuka kutazama. Upande wa abiria palikuwa na alama nyeupe isiyozidi punje ya choroko. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea hadi nyumbani Nyegezi.

Jumamosi mchana nililiosha gari. Jumapili asubuhi, tumeshavaa tayari kwenda kanisani, nikakuta ufa umeanzia kwenye ile choroko, umepinda kidogo, umekwenda mpaka ukingoni, urefu wa shibiri mbili na zaidi. Gari halikuwa limewashwa usiku ule. Jirani yangu alitoka akatazama, akasema kwa uhakika kabisa kwamba kuna mtu kapita akagonga kioo. Nami nilianza kuwahesabu vijana wanaopita njia ile.

Fundi vioo wa Igoma ndiye aliyenizuia nisimsingizie mtu. Alipitisha ukucha juu ya ufa kwa nje, kisha akaingia ndani akapitisha ukucha mahali pale pale. Nje ukucha ulikwama, ndani uliteleza. Akaniuliza:

“Dada, gari uliosha lini?”

“Jana mchana.”

“Likiwa juani?”

“Juani.”

“Na usiku uliegesha wapi?”

Nikamwambia nyumbani kwetu ni mlimani, hakuna tambarare, tairi moja la nyuma huwa juu ya jiwe.

“Basi usimtafute mtu,” akasema.

Nilitaka kuelewa, maana malalamiko haya nayasikia kila mahali hapa Mwanza: kioo kilikuwa na kidoa tu, kimepasuka chenyewe. Watu hudhani wameuziwa kioo bandia, au fundi aliyekibadilisha amewaibia. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi jibu limo kwenye kioo chenyewe.

Tuanze na lile jiwe. Wengi wetu huamini limedondoka kutoka kwenye mzigo wa lori. Hutokea, hasa mzigo usipofunikwa, lakini mawe mengi hutoka barabarani. Tairi hulibana, hulizungusha na kulirusha juu, na matairi pacha ya lori ni hodari kwa kazi hiyo. Likiwa hewani limeshapoteza mwendo wake, na wewe unakuja nyuma kwa kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo mara nyingi gari lako ndilo linaloligonga jiwe. Na nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka 40 kwenda 80, nguvu inakuwa mara nne. Nilikuwa nimelisogelea sana lile tipa ili nilipite. Kosa hilo ni langu.

Kioo cha mbele si kioo kimoja. Ni vioo viwili, kila kimoja unene wa takriban milimita 2, na katikati kuna utando wa plastiki iitwayo PVB, kwa kawaida wa milimita 0.76. Ndiyo maana ukucha wa fundi uliteleza kwa ndani: kilichopasuka ni kile cha nje peke yake.

Wazo hili lilitokana na ajali. Mwaka 1903 mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara. Ilipasuka, lakini vipande havikutawanyika. Ndani yake palikuwa pamekaukia utando wa selulosi nitrati, aina ya plastiki, nao ndio ulioshikilia vipande. Alipata hataza ya kioo chake cha tabaka mwaka 1909. Plastiki za mwanzo zilikuwa zikigeuka njano kwa jua. PVB tunayoitumia leo ilishika nafasi yake katika miaka ya 1930. Ukiona gari la zamani lenye weupe kama maziwa kwenye kingo za kioo cha mbele, huo ni unyevu ulioingia kati ya tabaka na kuanza kuzibandua.

Vioo vya pembeni na cha nyuma ni habari nyingine. Hivyo kwa kawaida hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 600, kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Uso huwa mgumu kwanza, kiini huchelewa, na kinapojikunja huuvuta uso kwa nguvu. Matokeo yake ni kioo kigumu sana ambacho nje kimebanwa na ndani kimevutwa. Kikivunjika, hakiachi vipande virefu vyenye makali kama kisu. Hugeuka punje kama za mahindi. Aliyewahi kuvunjiwa dirisha la daladala anazijua punje hizo. Kama kioo cha mbele kingekuwa cha namna hiyo, jiwe moja lingekigeuza chote kuwa cheupe nawe uko mwendoni, usione mbele.

Sasa turudi kwenye ufa. Kioo huvumilia sana kubanwa, lakini hakivumilii kuvutwa. Na pale penye mkwaruzo, mvuto wote hukusanyika kwenye ncha yake. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alilieleza jambo hili mwaka 1921: kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo tayari, na kadiri ufa ulivyo mrefu ndivyo unavyohitaji nguvu ndogo kuendelea. Mafundi wetu wanalijua hili kwa mikono. Wengine hutoboa kitobo kidogo sana kwenye ncha ya ufa ili ncha kali iwe duara, na mvuto utawanyike. Ni kazi ya mkono mwepesi, maana kitobo kisivuke kile kioo cha nje.

Mvuto unatoka wapi, gari likiwa limesimama? Kwanza kwenye joto. Kioo cha kawaida hutanuka kama sehemu 9 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Ni kidogo, lakini kioo chenye upana wa mita 1.4 kikipanda nyuzi 40 kinataka kuongezeka nusu milimita, na kingo zake zimegandishwa kwa gundi kwenye bodi. Sehemu moja ikiwa ya moto na nyingine ya baridi, moja inavutwa na jirani yake. Mimi Jumamosi niliegesha juani tangu asubuhi, kisha nikamimina ndoo ya maji ya baridi juu ya kioo. Uso wa nje ulisinyaa ghafla huku ndani bado kunaungua. Nimeona wenzangu wengi wakifanya hivyo hivyo kwenye sehemu za kuoshea magari, na waoshaji hawana kosa, hakuna aliyewaambia.

Sisi wa Jiji la Miamba tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine wote. Wapasua mawe milimani hawaanzi na nyundo. Huwasha moto juu ya mwamba, huuacha ukae, mpaka jiwe la juu litanuke kuliko la chini na libanduke. Ukisimama karibu unasikia mwamba ukilia, mlio mfupi mkavu, na baadaye nyundo inakwenda tu kumalizia. Mwamba wenyewe kama Bismarck pale ziwani umepigwa na jua na mvua kwa muda usiohesabika, na nyufa za mawe yetu zimetokana kwa sehemu na kutanuka na kusinyaa. Kioo changu kilipata kwa mchana mmoja kile ambacho mwamba hupata polepole.

Pili ni bodi ya gari. Kioo cha mbele kimebandikwa ili kiwe sehemu ya mwili wa gari. Gari likikaa na tairi moja juu ya jiwe, bodi inajipinda kidogo, na kioo kinajipinda nayo usiku kucha. Kioo kizima hakijali. Kioo chenye choroko kinajali. Vivyo hivyo ukifunga mlango kwa kishindo madirisha yote yakiwa juu: hewa ya ndani inasukuma kioo kwenda nje.

La tatu ndilo lililonishangaza zaidi, nalo linatuhusu sisi tunaokaa kando ya Ziwa Viktoria kuliko watu wa nchi kavu. Maji husaidia kioo kupasuka. Simaanishi uzito wake wala baridi yake, ni maji yenyewe, hata yakiwa mvuke tu hewani. Kioo kimeshikana kwa viungo vya silikoni na oksijeni. Pale kwenye ncha ya ufa viungo hivyo vimenyooshwa sana, na molekuli ya maji ikiingia hapo huvikata kimoja kimoja. Mtafiti wa Marekani Sheldon Wiederhorn alichapisha vipimo vyake mwaka 1967: kwa mvuto ule ule, ufa hutembea haraka zaidi kwenye hewa yenye unyevu kuliko kwenye hewa kavu. Kwa hiyo ufa wangu ulikuwa na mvuto wa bodi iliyojipinda, mabaki ya joto la mchana, maji ya kuoshea yaliyobaki ndani ya kile kidoa, na hewa nzito ya usiku inayotoka ziwani. Ulitembea taratibu, bila kumwamsha mtu.

Ndiyo maana siku ya kwanza ina thamani kubwa. Jiwe likipiga, pangusa pakavu, bandika kipande cha gundi ya utepe inayoonyesha ili vumbi na maji visiingie, na umuone fundi mwenye kifaa cha kuingiza rezini, ile gundi ya majimaji ya kuzibia vioo. Hufyonza hewa kwenye kidoa, huisukuma rezini ijaze nafasi, kisha huikausha kwa taa ya urujuanimno. Alama ndogo hubaki, lakini ncha za ufa zinakuwa zimefungwa. Hii inafaa kwa kidoa kisichozidi ukubwa wa sarafu, kilicho mbali na ukingo, na kisicho mbele ya macho ya dereva. Gundi kali ya dukani usiiweke. Inaziba juu, inaacha hewa ndani, na fundi akija baadaye hana pa kupitishia rezini.

Mimi nilichelewa, ikabidi kubadilisha. Na hapa niwasihi wenzangu: uliza gundi inahitaji saa ngapi kushika, usikubali kuondoka papo hapo. Kioo cha mbele husaidia kushikilia paa gari likipinduka, na kwenye magari mengi puto la usalama la abiria (airbag) linapofumuka huegemea kioo hicho. Kikiwa kimewekwa ovyo, kinatoka. Kama una bima kubwa, soma mkataba wako, mara nyingi kioo cha mbele kimetajwa humo pamoja na kiwango chake. Bima ndogo haikulipi kioo chako.

Sasa sanrufu, kile kidirisha cha paani. Magari yenye sanrufu yamekuwa mengi mjini, na malalamiko ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kioo kulipuka chenyewe. Watu husema walisikia kama risasi, kisha punje zikawamwagikia. Sanrufu nyingi zimetengenezwa kwa kioo kile cha kupozwa ghafla, chenye mvuto uliofungiwa ndani, na huhitaji jeraha dogo tu lifike kwenye kiini. Jeraha huenda likatoka kwa jiwe la wiki iliyopita, au kwa chembe ya salfidi ya nikeli iliyobaki ndani tangu kiwandani, ndogo usiyoweza kuiona, inayotanuka polepole kwa miaka. Wakati mwingine kosa ni la kiwanda waziwazi: mwishoni mwa 2012 Hyundai iliyarudisha kwa marekebisho magari zaidi ya 13,000 ya Veloster nchini Marekani, kwa hofu kwamba kioo cha paa kilidhoofishwa wakati wa kuunganisha. Mwenye gari wa huko alipelekewa barua. Sisi tunaonunua gari lililokwisha kutumika na watu wawili Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam, barua hiyo haitufikii, na mimi naona hilo ni jambo la kudaiwa, si la kunyamaziwa.

Aina ya pili ni kuvuja, na hapa watu wanapoteza fedha bure. Jirani yangu, yule yule wa Jumapili, gari lake lilikuwa linalowa zulia kila mvua. Alinunua mpira mpya. Akapaka gundi ya kuzibia kuzunguka kioo chote, sanrufu ikawa haifunguki tena. Maji yakaendelea.

Mpira wa sanrufu haukutengenezwa kuzuia maji yote. Maji yanaruhusiwa kupita. Chini ya kioo kuna mfereji unaozunguka, na kwenye pembe zake kuna mirija myembamba inayoshuka ndani ya nguzo za gari na kumwaga chini. Mirija ikiziba, mfereji unajaa na kumwagikia ndani. Kwetu inazibwa na vumbi, na vumbi la Mwanza likikutana na majani na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa juu ya maji kama moshi na kufa kwa maelfu juu ya magari yetu, linakuwa udongo wa mfinyanzi.

Tulifungua sanrufu yake baada ya kubandua ile gundi kwa saa nzima. Usitumie upepo wa kompresa, unaweza kuchomoa mrija kwenye kiungio chake ndani ya nguzo, na hapo utalia. Tulichukua mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia, tukauyeyusha ncha kwa kiberiti ili iwe butu, tukausukuma polepole kwenye tundu la pembeni. Uligoma kidogo, kisha ukapita. Nikamimina kikombe cha maji kwenye mfereji, yeye akachutama kando ya tairi la mbele akingoja. Kwanza hakuna kitu. Kisha yakaanza kudondoka nyuma ya tairi, meusi, mazito, yamejaa mbawa za vijidudu, na baada ya kikombe cha tatu yakawa yanatoka meupe.