Kugongwa kifua kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu: maswali na majibu

Mama alipona TB miaka kadhaa iliyopita, lakini kila asubuhi anatoa makohozi mengi. Hospitali wamemwandikia fiziotherapia ya kifua. Anakwenda kufanywa nini?

TB hata ikipona huweza kuacha makovu, na baadhi ya mirija ya hewa ikabaki imetanuka na kulegea. Makohozi yanatuama humo, bakteria wanazaliana, maambukizi yanajirudia. Kazi ya mtaalamu ni kuyatoa.

Humlaza mgonjwa sehemu iliyojaa ikiwa juu, ili makohozi yashuke kuelekea kwenye mirija mikubwa. Kisha hugonga mbavu kwa kiganja kilichokunjwa kama cha mtu anayeteka maji, juu ya fulana au kanga. Sikiliza mlio: ukiwa mzito, "pwo, pwo", ni sawa. Ukisikia "pa!", kiganja kimebapa, hicho ni kibao. Hagongi uti wa mgongo, matiti wala sehemu ya figo. Baadaye huweka mikono miwili juu ya mbavu, na kila mama anapotoa pumzi huitetemesha huku akibana kidogo. Akivuta pumzi, anaachia.

Naweza kumfanyia nyumbani?

Ukishafundishwa, ndiyo. Afanyiwe kabla ya kula, au saa mbili hivi baada ya chakula, la sivyo anaweza kutapika. Kama ameandikiwa pampu ya kufungua njia za hewa, aivute kwanza. Asiinamishwe kichwa chini ikiwa ana presha ya juu, kiungulia kikali, ugonjwa wa moyo, au anahema kwa shida.

Ila kugonga peke yake hakutoi kitu. Mama avute pumzi ndefu, aishikilie kidogo, kisha aitoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, "haaa", mara moja au mbili, ndipo akohoe. Apumue taratibu, arudie. Mwenye nguvu zake akilijua hili vizuri, mara nyingi hahitaji mikono ya mtu.

Nani asigongwe?

Anayekohoa damu, aliyevunjika mbavu, mwenye mifupa dhaifu (ikiwemo kwa kutumia dawa za steroidi kama prednisolone muda mrefu), na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, mpaka daktari aseme. Mkiona ulimi au ndani ya midomo panageuka bluu, acheni na mumwahishe hospitali.

Jambo jingine: aliyewahi kuugua TB akianza kikohozi kipya cha wiki mbili, akatoka jasho usiku na kupungua uzito, apimwe makohozi kwanza. Fiziotherapia itasubiri.

Baba alivuta sigara miaka mingi, ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa). Hana makohozi, anakosa pumzi tu. Naye agongwe?

Hapana. Hakuna cha kutoa. Hata kwa wenye makohozi, faida kwa COPD ni ndogo: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2010 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 500 waliolazwa kwa kuzidiwa, na miezi 6 baadaye waliofanyiwa tiba ya mikono hawakuwa na hali bora kuliko wenzao. Kwa maoni yangu familia nyingi hulipia mikono kwa sababu inaonekana kazi inafanyika.

Na kuchuliwa shingo na mabega?

Kunampa nafuu, maana misuli hiyo huchoka kwa kusaidia kupumua. Mirija haifunguki kwa kuchuliwa.

Basi baba afanye nini?

Aache sigara, avute dawa zake, na atembee. Mazoezi ya kupangiwa na mtaalamu, wiki 6 hadi 12, ndiyo yenye ushahidi mkubwa kwamba hupunguza kukosa pumzi. Pumzi zikimbana, aketi akiinamia mbele, viwiko juu ya mapaja, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole midomo ikiwa imebinywa. Anapotembea, mzungumzishe: akimudu kujibu kwa sentensi fupi, mwendo unamfaa. Akishindwa, mtafutie pa kukaa.