Je, Wajua Kwa Nini Intaneti ya Nyumbani Hukwama Ilhali Kasi Uliyoilipia Ipo?

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi malalamiko hufanana. Kipimo cha kasi kinaonyesha megabiti 20 kwa sekunde kama mkataba unavyosema, lakini ikifika jioni ukurasa wa benki haufunguki, simu ya video inakatikakatika, na ujumbe wa WhatsApp unabaki na alama ya saa bila kuondoka. Jibu linalotolewa upesi ni kwamba Kusini ni mbali: intaneti hushukia Dar es Salaam, na mpaka ije kufika mitaa ya Mtwara kama Shangani au Chikongola inakuwa imekwisha nguvu. Jibu hili lina mashiko kwa mtu yeyote aliyewahi kungoja mzigo kutoka Kariakoo, na ndiyo maana ni gumu kung'oka. Hata hivyo halihimili hesabu ndogo tu.

Ndani ya uzi wa kioo wa faiba, nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni ya kilomita 560 hivi. Tukichukulia kwamba faiba inafuata njia ya urefu huo, nuru itaimaliza kwa milisekunde 2.8, na safari ya kwenda na kurudi haitafika milisekunde 6. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hupendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili watu wawili wazungumze kwa simu bila kudakiana maneno. Umbali wa Mtwara unakula sehemu ndogo sana ya posho hiyo. Zaidi ya hapo, kama seva unayoitafuta iko London, umbali wa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam ni kilomita 7,500 hivi, na nyaya za baharini huzunguka zaidi, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75. Mbele ya safari hiyo, mkazi wa Mtwara na mkazi wa Kariakoo ni kama majirani. Umbali una gharama yake, lakini gharama hiyo ni ileile asubuhi na jioni, Jumapili na Jumatatu. Kitu kisichobadilika hakiwezi kueleza kwa nini intaneti iliyokuwa nzuri saa kumi imekuwa mbaya saa mbili usiku.

Mei 2024 iliipa dhana ya umbali nguvu mpya. Mapema mwezi ule mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, na tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ni rahisi kuyasimulia matukio hayo kama tukio moja, lakini yalikuwa mawili tofauti, na la pili liliwaumiza watu wa Dar es Salaam sawa na wa Kusini, na nchi jirani pia. Kilichotokea ni kwamba data iliyokuwa ikipita katika nyaya kadhaa ililazimika kubanana katika njia chache zilizosalia. Tatizo kubwa lilikuwa foleni.

Ushahidi mmoja wa zamani wa jambo hili ni wa ajabu kidogo. Oktoba 1986 mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, yalishuka ghafla kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Taasisi hizo mbili zilikuwa zimetengana kwa mita zisizofika 400. Mtu angeweza kubeba ujumbe mkononi, akatembea, akaufikisha mapema kuliko kompyuta. Van Jacobson, mmoja wa waliochunguza kisa hicho, alichapisha pamoja na Michael Karels mwaka 1988 mbinu ambazo hadi leo huzifundisha kompyuta kupunguza mwendo pale njia inapojaa. Mbinu hizo ndizo zinazotuleta kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, iliyo juu ya kabati la televisheni sebuleni.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya kwenda Lindi na Mtwara yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni. Dereva angeweza kukimbia atakavyo kutoka Dar es Salaam, lakini mwendo wa safari uliamuliwa pale ukingoni. Sasa tuchukulie kwamba pantoni lina nafasi ya magari machache, na tajiri mmoja ametuma malori hamsini kwa mpigo. Nyuma ya malori hayo anafika mwenye pikipiki aliyebeba barua moja. Pantoni halina ubovu wowote, linavusha idadi ileile ya magari kwa saa kama siku zote, na mtu atakayehesabu magari yanayovuka ataandika kwamba huduma ni nzuri kabisa. Lakini barua itafika kesho. Hivyo ndivyo kipimo cha kasi kinavyoweza kusema kweli na mwenye nyumba akasema kweli pia: kimoja kinahesabu magari yaliyovuka, mwingine anangoja barua.

Kuna upande wa pili wa mfano huo, nao ndio unaoshangaza. Ikiwa ukingo ni mwembamba, wenye nafasi ya malori kumi tu, lori la kumi na moja litarudishwa, taarifa itamfikia tajiri, naye atapunguza kutuma. Ukingo ukiwa mpana mno, hakuna linalorudishwa, tajiri hapati habari yoyote, na anaendelea kutuma kwa imani kwamba njia ni nyeupe. Mbinu za mwaka 1988 zinategemea habari hiyo hasa: kompyuta hutambua kwamba njia imejaa pale pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inapopotea. Kumbukumbu ya elektroniki iliposhuka bei, watengenezaji wa ruta waliongeza sehemu za kungojea kwa nia njema, ili pakiti zisipotee, na bila kukusudia wakaziba mlango wa habari.

Pantoni hilo, kwa nyumba nyingi, ni upande wa kupakia, yaani kutuma data nje. Vifurushi vingi vya nyumbani hutoa kasi kubwa ya kupakua na ndogo zaidi ya kupakia. Chukua nyumba yenye megabiti 2 kwa sekunde za kupakia, na ruta inayoweza kungojesha kilobaiti 500. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo foleni iliyojaa ni kilobiti 4,000, na kuimaliza kunahitaji sekunde 2 kamili. Mtu mmoja akianza kutuma video ya harusi yenye megabaiti 200, kazi hiyo itachukua zaidi ya dakika 13, na muda wote huo kila ombi linalotoka katika nyumba hiyo litakaa sekunde 2 nyuma ya harusi. Ukurasa wa benki huhitaji safari tatu au nne za kwenda na kurudi kabla ya neno la kwanza kuonekana: kuuliza anwani, kubisha hodi, kukubaliana juu ya usiri, kisha kuomba ukurasa wenyewe. Hizo ni sekunde 6 hadi 8 za kutazama kioo cheupe, ilhali upande wa kupakua uko mtupu. Hata anayepakua faili kubwa ataathirika, kwa kuwa kompyuta yake inapaswa kurudisha risiti za kila inachopokea, na risiti hizo nazo zinapanga foleni.

Mara nyingi hakuna hata mtu anayejua kwamba anatuma kitu. Simu zikirudi nyumbani jioni na kukamata waifai, huanza zenyewe kuhifadhi picha na video za mchana kwenye seva za mbali, na nyumba yenye simu tano inakuwa na matajiri watano wa malori.

Kuthibitisha hakuhitaji fundi. Tovuti ya fast.com, ukifungua maelezo zaidi baada ya kipimo, huonyesha muda wa kwenda na kurudi mara mbili: njia ikiwa tupu, na njia ikiwa imejaa. Namba ya kwanza ikiwa milisekunde 40 na ya pili 900, foleni imepatikana. Tahadhari ni kwamba kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu badala ya faiba, muda huo hupanda na kushuka wenyewe kadiri mnara unavyogawa zamu kwa wateja, kwa hiyo kutoka 50 hadi 90 hakuthibitishi chochote; kinachotafutwa ni mruko mkubwa, tena unaojirudia kila kipimo kinaporudiwa.

Tiba ya bei nafuu ni kuzipangia simu zihifadhi picha usiku wa manane. Tiba ya kiufundi inaonekana kama kichekesho: ndani ya ruta unaweka kikomo cha kupakia kilicho chini kidogo ya kasi halisi, tuseme asilimia 90, na intaneti inaweza kuwa nyepesi zaidi. Sababu ni kwamba foleni inabaki mikononi mwa ruta yako badala ya kuhamia kwenye kifaa usichoweza kukiamuru. Kikomo peke yake huihamisha foleni tu; nafuu huletwa na ruta inayoisimamia vizuri, kama zile zinazojua mbinu ya kupanga foleni iitwayo FQ-CoDel, kwa kumpitisha mwenye barua pembeni ya malori na kuiangusha pakiti iliyongoja kupita kiasi ili tajiri apate habari. CoDel yenyewe, yaani ile sehemu ya kuangusha pakiti, ilitangazwa mwaka 2012 na Kathleen Nichols akishirikiana na Van Jacobson yuleyule, na lengo lake ni pakiti zisingoje zaidi ya milisekunde 5, karibu sawa na safari ya nuru kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam na kurudi. Kwa ruta ya laini ya simu kikomo hiki ni kigumu kukipanga, kwa sababu kasi inabadilika kila saa, na asilimia 90 ya asubuhi inaweza kuzidi kasi yote ya jioni.

Vipau vya waifai kwenye simu havisaidii sana katika uchunguzi huu. Vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta tu, na vinaweza kujaa vyote hata waya wa nje ukiwa umekatika. Ni vyema kupima kwanza ukiwa karibu na ruta, au kwa kebo, ili kuta za matofali ya saruji zisihesabiwe kama kosa la mtoa huduma.

Ikiwa simu zote nyingine zimezimwa, kebo imechomekwa, na bado muda wa kwenda na kurudi njia ikiwa tupu ni mdogo asubuhi lakini mkubwa jioni, foleni iko nje ya nyumba, kwenye njia unayoshirikiana na wateja wengine wa mtaa. Hapo kikomo chochote utakachoweka kwenye ruta hakitafika, na cha kumpelekea mtoa huduma ni namba hizo mbili, zikiwa na saa zilipopimwa, badala ya kumwambia kwamba mtandao unasumbua.