Usinunue turbo kabla hujaniambia gari inakosa nguvu kwenye RPM ngapi

"Mwakeye fundi," salamu ya Kiha, ndo simu ilivyoanza, saa moja asubuhi hata haijafika. Mzee mmoja wa Kalinzi, ana pikapu ya dizeli dabo kebini anashushia ndizi hapa Kigoma mjini na jioni anarudi na saruji. Kwamba gari imechoka, kwenye tambarare inaenda ila akishavuka Mwandiga akaanza milima inakuwa kama imefungwa kamba kwa nyuma, anashuka gia ya tatu, anashuka ya pili, anakanyaga mafuta mpaka chini na mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, umelala pale pale kwenye 1500, sasa ikijikongoja ikavuka 2500 hivi inaamka ghafla utadhani imechapwa kiboko. Filta ya dizeli kabadilisha mara mbili, nozeli zimeenda kupimwa zikarudi nzima, fundi wa mwisho kamwambia turbo imekufa. Alichokuwa anataka kwangu ni bei ya turbo tu.

Nikamwambia shikamoo mzee, turbo tuiweke pembeni, niambie kwanza, asubuhi injini ikiwa ya baridi inavuta? Akanyamaza kidogo. "Asubuhi inavuta vizuri tu mwanangu."

Nitarudi kwa huyu mzee. Kwanza niseme kitu ambacho wateja wengi hawakisemi mpaka uwabane, gari ikikosa nguvu swali la kwanza ni inakosa wapi. Ikivuta vizuri chini halafu ikafika juu ikakaba, yaani haitaki kupita RPM 3000, mimi naanza na mafuta, filta ya dizeli imejaa uchafu, au dizeli ya madumu yenye maji, au filta ya hewa imeshiba vumbi, au eksozi imeziba. Injini ikiwa juu inataka mafuta mengi na hewa nyingi kwa pamoja ndo maana njia iliyobana inajulikana huko. Ila ikiwa mzigo mlimani, RPM za chini, inakufa, halafu juu inapona, hiyo mara nyingi ni hewa, turbo haijazi mapema. Kubadilisha filta ya dizeli kwenye gari ya hivo ni kumpa mtu panadol wakati kavunjika mguu.

Na kabla hujagusa chochote hakikisha sio klachi. Weka gia ya nne ukiwa spidi 50 barabara iko wazi, kanyaga mafuta yote. RPM ikiruka na spidi imebaki pale pale, injini yako haina kosa, klachi inateleza. Nishaona watu wamefungua turbo kwa ajili ya klachi, sicheki kwa sababu na mimi nilishafanya nikiwa kijana.

Sasa turbo yenyewe. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja, ile feni imeunganishwa kwa shafti na feni nyingine inayosukuma hewa ndani ya injini. RPM ikiwa ndogo moshi ni kidogo, hauna nguvu ya kuzungusha, ndo maana zile turbo za zamani kama ya 1KZ, injini ya dizeli ya Toyota, unakanyaga unasubiri. Kwenye hizi za baadae wakaweka visahani vidogo vimezunguka ile feni ya moshi. RPM ikiwa chini visahani vinajifunga, njia inakuwa nyembamba, moshi unapita kwa kasi, sawasawa na ukiziba mdomo wa mpira wa kumwagilia kwa kidole maji yanaruka mbali. RPM ikipanda vinafunguka. Kwa hiyo vikibaki wazi muda wote unapata ugonjwa wa mzee wa Kalinzi kama ulivyo, chini hamna kitu, juu inaamka. Vikiganda vikiwa vimefunga inakuwa kinyume, presha inazidi, kompyuta ya gari inaogopa inakata nguvu na taa inawaka.

Nani anavisogeza? Gari kama Hilux yenye injini ya 1KD ni mota ya umeme. Pikapu nyingine nyingi ni vakyumu, kuna pampu inafyonza, mpira mwembamba unaenda kwenye solenoidi, yaani valvu ndogo ya umeme, solenoidi inapokea amri ya kompyuta, mpira mwingine unatoka hapo unaenda kwenye kikopo kilichokaa kwenye turbo, ndani kina ngozi ya mpira na chini kina fimbo. Kikifyonzwa fimbo inavutwa na visahani vinafunga. Mpira ukipasuka, ngozi ikitoboka au solenoidi ikifa, fimbo haivutwi na turbo nzima kabisa inakaa tu haina kazi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata shilingi. Funua boneti, mwenzako awashe gari, wewe macho kwenye fimbo. Injini ikiwaka fimbo inatakiwa ivutwe kama sentimita moja hivi na ibaki hivo, ikizimwa irudi. Isiposogea chomoa mpira kwenye kikopo, chukua bomba la sindano kubwa la ml 60 unalipata duka la dawa, chomeka na kipande cha mpira kisha vuta. Fimbo ikisogea kwa ulaini na ukishikilia inabaki, kikopo kizima na visahani havijaganda, tafuta ugonjwa huku nyuma kwenye mipira na solenoidi. Ikisogea halafu inarudi taratibu wakati bado umeshikilia, ngozi imetoboka. Ukivuta inagoma au inakwenda kwa kushtuka shtuka, hapo masizi yamejaa ndani, turbo ishuke ikasafishwe. Gari zinazougua masizi sana ni zile za kuzurura mjini polepole, stesheni Mwanga, Mwanga stesheni, na zinazounguruma saa nzima na AC zikimsubiri bosi uwanja wa ndege. Na ukiishusha USIGUSE ile skrubu ya kikomo inayozuia fimbo, ilipimwa kiwandani, ukiizungusha kwa kukisia utaniletea ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Kama ina fimbo nzuri na bado haivuti, nakwenda kwenye uvujaji, mipira mikubwa kati ya turbo, intakula (kile kipoza hewa) na injini. Ufa mwingine umefumba gari ikiwa imesimama, presha ikija ndo unafunguka, moshi mweusi nyuma na sauti ya fyuuu. Tafuta mahali palipolowa oili yenye vumbi. Mimi nimetengeneza kifuniko cha bomba la PVC nikakitoboa nikakiweka valvu ya tubeless, nakifunga mdomo wa turbo na klipu, najaza upepo taratibu nisipite psi 15, halafu povu la sabuni kila kwenye maungio. Usisimame mbele ya hicho kifuniko, kikichomoka kinauma. Manifodi ya eksozi nayo iangalie, ikipasuka kabla ya turbo moshi unaishia njiani, utaona alama nyeusi na utasikia tiki tiki injini ikiwa ya baridi. EGR, ile valvu inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, ikiganda wazi, injini inakula moshi wake badala ya hewa, chini inakuwa nzito na moshi mweusi mtupu.

Kuhusu mashine ya kupimia, ni nzuri ila ujue unasoma nini. Kijana mmoja alikuja amekata tamaa na sensa ya presha, swichi imewashwa injini imezimwa inasoma kPa 92, kasoma mtandaoni lazima iwe 101. Hiyo 101 ni ya usawa wa bahari! Ziwa letu liko mita 770 na kitu juu ya bahari, hapa Kigoma 92 ndo yenyewe, ukienda Tabora utasoma 88 hivi. Sensa aliyotaka kuitupa ilikuwa nzima.

Haya, mzee kaja. Pale gereji fimbo inavutwa vizuri, gauge ya vakyumu kwenye pampu inasoma vizuri, na mimi nikaanza kujikuna kichwa. Ila neno lake la asubuhi lilikuwa halijanitoka, nikamwambia twende, tukapakia mifuko sita ya saruji, tukavuka Mwandiga mpaka ikaanza kufa. Kwenye mashine, kompyuta inaomba presha ya kPa 190, inapata 115. Nikasimamisha pale pale pembeni, injini inaunguruma, nikafungua boneti. Fimbo iko chini. Nikaupapasa mpira wa kikopo kwa vidole, ulaini wake sio wa mpira wa gari, nikamulika na simu: mpira wa dripu ya hospitali. Kuna fundi aliwahi kuufunga pale baada ya ule wa zamani kukatika. Ukiwa wa baridi ni mgumu kiasi unahimili, ukishapata joto la turbo unalainika, vakyumu inaunyonya unakuwa bapa kama utepe na hakuna kinachopita. Nilipofungua kwenye pampu gauge ikasoma vizuri tena. Ilikuwa inasoma upande wa mzima muda wote, ndo maana siku hizi napima kwenye kikopo, na injini ikiwa ya moto.

Nikamfungia mpira mnene wa vakyumu, tukapanda na saruji yetu gia ya nne, mzee anacheka peke yake.

Siku ya tisa kapiga tena. "Fundi, sasa nikikanyaga inanguruma tu haiendi." Klachi. Miaka yote ile ilikuwa inabeba injini isiyo na nguvu.